Kompyuta imegoma kuwaka baada ya kuzima ghafla: tafuta ilipokwama kabla ya kupiga Windows upya

Umeme umekatika kompyuta ikiwa kazini, au skrini ya bluu imetokea, mashine ikajizima, na sasa haitaki kurudi. Mtaani ushauri wa kwanza huwa mmoja: piga Windows upya. Mara nyingi ushauri huo unamfutia mtu mafaili yake ilhali kilichokufa ni betri ndogo isiyozidi bei ya soda chache, au kilichobadilika ni mstari mmoja tu ndani ya BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Kupiga Windows upya ni hatua ya mwisho, na kuna kazi kubwa ya kufanya kabla ya kufika huko.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11. Mifano mingi ni ya Dell OptiPlex, Dell Latitude na HP za ofisini, zile zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika, kwa kuwa ndizo zilizojaa kwenye stesheneri, mashule na ofisi ndogo.

Imekwama wapi?

Ikiwashwa, kompyuta hupita vituo vitatu. Kwanza umeme unafika kwenye mazabodi, bodi kuu inayobeba vifaa vyote. Kisha BIOS inakagua prosesa, memori (RAM) na kadi ya picha. Mwisho BIOS inaitafuta diski na kuikabidhi kazi Windows. Bonyeza kitufe cha kuwashia, usiguse kingine kwa dakika nzima, tazama na usikilize.

- Hakuna taa wala feni: tatizo ni umeme.
- Feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi na nembo haitokei: shuku memori, mazabodi au skrini yenyewe.
- Nembo inatokea, kisha maandishi kama "No bootable device": shuku diski au mpangilio wa BIOS.
- Vidoti vinazunguka, kisha skrini ya bluu au "Preparing Automatic Repair" isiyokwisha: ni Windows.

Maandishi yoyote ya hitilafu yapige picha kwa simu, namba zote zionekane. Tofauti ya 0x7B na 0xED ni tofauti ya matibabu.

Haina uhai kabisa

Anza nje. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama umeme upo. Kebo ya umeme ya kompyuta ya mezani hubadilishana na ya monita, kwa hiyo zibadilishe. Ukitazama nyuma ya pawasaplai, boksi linalopokea umeme wa ukutani, unaweza kukuta swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Kwetu lazima ikae kwenye 230. Ikikaa kwenye 115 fyuzi au kapasita hupasuka mara moja, na hii huzipata mashine zilizotoka Marekani.

Kisha ondoa umeme uliobaki ndani. Chomoa kebo, na kwa laptop toa chaja na betri kama inatoka kwa nje. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, rudisha umeme, jaribu. Baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, mazabodi nyingi hubaki zimejifunga, na hatua hii pekee huzifungua. Laptop ijaribu kwanza kwa chaja bila betri, halafu kwa betri bila chaja, ujue ni upande upi uliokufa. Chaja ya Dell ya volti 19.5 ipimwe kwa mita: ikitoa chini ya 19 au namba inayopandapanda, ibadilishe.

OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo cha kujipima nyuma ya pawasaplai, karibu na taa yake. Chomoa waya zake zote kwenye mazabodi, acha kebo ya ukutani, bonyeza. Taa ya kijani ikiwaka, pawasaplai ni nzima na mzigo uko kwenye mazabodi au vifaa vyake. Pawasaplai ya kawaida ya ATX hupimwa kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwenye plagi ya pini 24, kisha mita isome: wa njano kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa chungwa kati ya 3.14 na 3.46. Wa zambarau unatakiwa uwe na volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa. Usiifungue pawasaplai yenyewe. Ndani kuna kapasita yenye volti zaidi ya 300, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kebo kuchomolewa.

Feni inazunguka, skrini giza

Hakikisha kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi ya picha, si kwenye tundu la mazabodi, kama mashine ina kadi ya pembeni. Kwa laptop, mulika skrini kwa tochi ya simu ukiwa umeiinamisha kidogo: ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya skrini ndiyo iliyokufa na kompyuta ni nzima.

Dell nyingi za miaka ya karibuni hueleza ugonjwa kwa kupepesa taa ya kitufe, kwanza rangi ya chungwa kisha nyeupe. Mbili kisha tatu ni memori haijaonekana. Mbili kisha nne ni memori mbovu. Mbili kisha mbili ni BIOS iliyoharibika, na tatu kisha moja ni betri ya saa. HP za ofisini hupepesa nyekundu kisha nyeupe. Tatu kisha mbili ni memori. Hesabu mizunguko miwili kabla ya kuamini.

Kwa memori, chomoa umeme, gusa chuma cha boksi kuondoa umeme tuli, toa vipande vyote. Sugua meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha kimoja tu hadi vibano vyote viwili vilie. Washa. Kikigoma, hamisha tundu. Kikigoma tena, jaribu kipande kingine.

BIOS iliyoharibika hupatikana zaidi pale umeme ulipokatika katikati ya kuisasisha. Kwenye Latitude za karibuni, zima, chomoa chaja, shikilia Ctrl na Esc, kisha chomeka chaja ukiwa bado umeshikilia mpaka ukurasa wa kurejesha BIOS utokee. Kwenye laptop za HP shikilia kitufe cha Windows na B, kisha bonyeza cha kuwashia.

Betri ya saa na BIOS iliyosahau

Hapa ndipo mashine nyingi zilizotumika huuawa bure. Betri bapa ya CR2032 kwenye mazabodi hutunza saa, na kwenye mashine nyingi hutunza pia mpangilio wa BIOS pale umeme usipokuwepo. Ikiwa na miaka 8 imeshachoka, lakini hutajua kwa sababu umeme wa ukutani unaibeba. Siku umeme ukikatika usiku kucha, BIOS inasahau kila kitu na kurudi kwenye mpangilio wa kiwandani. Asubuhi kompyuta inasema diski haipo, au inatoa skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, namba 0x7B. Fundi mwenye haraka anasema diski imekufa.

Dalili ni tarehe. Ingia BIOS kwa F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP. Ukikuta saa imerudi nyuma miaka kadhaa, umempata mhusika. Betri mpya ina volti 3 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 2.8, badilisha kabla ya kuhangaika na kingine, la sivyo utarudia kazi hii kila umeme ukikatika.

Baada ya kubadilisha, rekebisha mambo mawili. La kwanza ni "SATA Operation", chini ya "System Configuration" kwenye Dell za zamani au "Storage" kwenye mpya. RAID On na AHCI ni njia mbili za kompyuta kuwasiliana na diski. Kiwandani Dell huiacha kwenye RAID On, lakini mafundi wengi huiweka AHCI wanapopiga Windows ili diski ionekane. BIOS ikirudi RAID On, Windows iliyozaliwa kwenye AHCI haiipati diski yake. Badilisha iwe ile nyingine, hifadhi, washa. Usiogope kujaribu zote mbili, mafaili hayaguswi.

La pili ni UEFI au Legacy, yaani njia mpya au ya zamani ya kuianzisha Windows. Lazima ilingane na diski ilivyogawanywa. Ukishafika kwenye dirisha la amri, ambalo nalieleza hapa chini, andika "diskpart" halafu "list disk". Diski yenye nyota chini ya safu ya Gpt inataka UEFI. Isiyo na nyota inataka Legacy.

Tahadhari moja kabla ya kugusa BIOS: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, kubadilisha mpangilio kunaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Windows 11 kwenye mashine mpya huwasha ufungaji huu yenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na wengi hawana habari. Ufunguo hupatikana kwa simu kwenye aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ileile. Kwa mashine ya ofisi, muulize mhusika wa TEHAMA. Bila ufunguo huo hakuna fundi atakayeyafungua mafaili, na anayekuahidi anakudanganya.

Diski: okoa mafaili kwanza

Ikiwa ni diski ya kuzunguka na inagonga tik-tik kwa mpangilio, zima sasa hivi. Kila dakika inayowaka inajikwangua. Kama mafaili yana thamani, hiyo ni kazi ya wataalamu wa kuokoa data.

Ikiwa kimya, tumia kipimo kilichomo ndani. Kwenye Dell bonyeza F12 nembo ikitokea, chagua "Diagnostics". Kwenye HP ni F2. Diski ikifeli hapo, usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Amri hiyo, hasa ikiwa na /r, husoma diski nzima na kuandika juu yake, na diski inayokata roho hufia hapohapo.

Sasa tengeneza flashi ya Windows kwenye kompyuta nyingine kwa Media Creation Tool ya Microsoft. Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na kila kilichomo kitafutika. Ichomeke kwenye mgonjwa, bonyeza F12 kwa Dell au F9 kwa HP, ichague. Ukifika ukurasa wa lugha, usibonyeze kitu kingine: bonyeza Shift na F10 (baadhi ya laptop zinataka na Fn) na dirisha jeusi la amri litafunguka.

Andika "diskpart", kisha "list vol", uone diski zina herufi gani. Hapa watu wengi huteleza: humu ndani herufi hubadilika, na Windows yako inaweza kuwa D badala ya C. Andika "exit", kisha "dir D:\" na uthibitishe unaona folda za Users na Windows. Tuseme ni D, na diski ya nje ya kuhamishia ni E. Amri ya kunakili ni robocopy:

robocopy D:\Users E:\Okoa /E /XJ /R:1 /W:1

Usiache hiyo /R:1. Bila hiyo robocopy hurudia faili lililogoma mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara. /XJ nayo huizuia isizunguke ndani ya folda zinazojirudia. Kama dirisha jeusi linakutisha, andika "notepad", nenda File kisha Open, chagua kuonyesha mafaili yote, na kidirisha hicho kitakuwezesha kunakili folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya.

Diski ikiwa inasomeka kwa kusuasua, tumia flashi ya Ubuntu au Linux Mint na ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima na kuziachia mbovu mwisho. Nafasi ya kupokelea izidi ukubwa wa diski yote, hata kama mafaili ni machache. Ingia kwanza kwenye folda ya diski hiyo ya nje, na kwa "lsblk" hakikisha mgonjwa ni sda kweli:

sudo apt install gddrescue
sudo ddrescue -d -n /dev/sda diski.img diski.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda diski.img diski.map

Windows yenyewe ndiyo iliyougua

Mafaili yakiwa salama, unaweza kutibu bila woga. Njia ya kufika kwenye ukurasa wa matengenezo bila flashi ni kuikatiza: vidoti vikianza kuzunguka, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10 hadi izime. Rudia mara mbili au tatu, itaingia yenyewe.

Chini ya "Troubleshoot" na "Advanced options", fuata mpangilio huu. Jaribu "Startup Repair" mara moja. Ikishindwa mara ya kwanza, kuirudia ni kupoteza muda. Kama hitilafu ilianza baada ya masasisho, tumia "Uninstall Updates" na uondoe "quality update" ya mwisho. Kisha "System Restore", kama kuna tarehe ya kabla ya tatizo. Baada ya hapo "Startup Settings", washa upya, bonyeza 4 kuingia Safe Mode. Ikiwaka humo, lawama iko kwa dreva (programu inayoendesha kifaa) au programu inayojianzisha, na dawa ni kuiondoa hiyo.

Kumbuka tukio la 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Dawa ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili linaloanza na C-00000291 kwenye folda ya dreva zake. Haikuwa lazima kupiga Windows upya.

Zikishindwa zote hizo, rudi dirisha la amri. Namba ya hitilafu ndiyo inayochagua amri.

UNMOUNTABLE_BOOT_VOLUME, au 0xED, ni mpangilio wa mafaili uliovurugika, kawaida kabisa baada ya umeme kukatika:

chkdsk D: /f

CRITICAL_PROCESS_DIED au 0xc000021a ni mafaili ya Windows yaliyoharibika, au sasisho lililoishia njiani:

dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions
sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Amri ya kwanza hufuta masasisho yaliyokwama nusu. Iendeshe mara moja tu, na washa upya kabla ya ya pili.

0xc000000e, 0xc000000f au 0xc0000098 ni kianzishi kilichopotea. Mafunzo mengi ya mtandaoni yatakutuma kwenye "bootrec /fixboot", na kwenye mashine za UEFI utajibiwa "Access is denied". Usigombane nayo. Kwenye diskpart, "list vol" itaonyesha sehemu ndogo ya FAT32, mara nyingi ya MB 100 hadi 500. Iangalie vizuri usiichanganye na flashi yako, ambayo nayo ni FAT32. Tuseme ni namba 3:

select vol 3
assign letter=S
exit
bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Jibu sahihi ni "Boot files successfully created". Chomoa flashi, washa.

Ushauri mwingine uliopitwa na wakati ni kurudisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) kutoka folda ya RegBack. Tangu toleo la 1803 la Windows 10, Windows haiweki nakala humo; utakuta mafaili ya KB 0, na ukiyanakili juu ya yaliyopo unaimaliza mashine.

Ikiwa bado imegoma, "Reset this PC" yenye "Keep my files" hubakisha mafaili ya mtumiaji na kuondoa programu. Andaa kwanza orodha ya programu za kurudisha na leseni zake, hasa za uhasibu. Na kama ni Windows 10 unayotaka kuirudisha, kumbuka msaada wake wa kawaida kutoka Microsoft ulikoma 14 Oktoba 2025.

Imewaka. Sasa jua kilichoiangusha

Usiifunge kesi bado. Fungua Event Viewer, upande wa "Windows Logs" na "System", tafuta "Kernel-Power" namba 41. Tukio hilo peke yake husema tu kwamba mashine ilizima bila kuagwa. Kilicho muhimu ni BugcheckCode ndani ya "Details". Ikiwa 0, hakukuwa na skrini ya bluu iliyorekodiwa: shuku umeme, pawasaplai au joto. Safisha vumbi kwenye feni na usiiunganishe tena bila UPS (betri ya akiba).

Ikiwa ni namba nyingine, imeandikwa kwa desimali na unatakiwa kuigeuza kwa kikokotoo cha Windows kwenye hali ya "Programmer". 278 ni 0x116, dreva au kadi ya picha. 159 ni 0x9F, dreva iliyoshindwa kulala au kuamka, mara nyingi ya Wi-Fi. 26 ni 0x1A, na hiyo ni memori: endesha MemTest86 kutoka kwenye flashi usiku kucha, mizunguko minne. Likitokea kosa hata moja, pima kila kipande peke yake hadi umpate mbovu.